Fimbo ya Punda Imo Mkononi Mwa Nani?

Kuna mjadala usiokosa kuzuka kila mwaka hapa Malindi, hususan wakati jirani zetu wa Lamu wanapokuwa katika maandalizi ya sherehe zao. Huanza kama mzaha barazani baada ya sala ya alasiri, kahawa chungu ikipitishwa mkono kwa mkono pamoja na kashata. Kisha ghafla sauti hupanda, mishipa ya shingo husimama, na watu waliokuwa wakitaniana huwa kama mahasimu. Mjadala wenyewe ni huu: je, mbio za punda ni utamaduni au ni ukatili?

Mara ya mwisho nilipoushuhudia, aliyeuchokoza alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mkazi wa siku nyingi wa mji huu, aliyezoea kupita pale kununua kahawa. Alikuwa ametoka Lamu jana yake na moyo wake ulikuwa ungali unachemka. "Nyinyi mnamchapa mnyama asiyeweza kusema," alituambia kwa Kiswahili chake kizuri, "kisha mnapiga makofi na kuita hiyo furaha." Mzee mmoja, nahodha mstaafu ambaye hatumzoei kwa maneno mengi, aliiweka chini kikombe chake akamjibu: "Mama, kwenu farasi hukimbizwa hata akavunjika mguu, akauawa pale pale uwanjani, na mbio zikaendelea. Mimi nimeziona mbio za Lamu tangu ningali mtoto wa kubebwa begani, na sijapata kuona punda aliyekufa kwa mbio. Safisha kwenu kwanza."

Baraza zima likaangua kicheko. Mama yule akalipa kahawa yake, akaenda zake. Mimi sikucheka, wala sikumtetea. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba wote wawili walisema kweli, na kwamba wote wawili waliisema nusu. Leo, kwa idhini yako msomaji, nataka kuitafuta ile nusu iliyobaki.

Kwa faida ya asiyepata kufika Lamu, yafaa nieleze kidogo. Mji ule wa kale, uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia, ulijengwa kabla gari halijafikiriwa. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kuegemea ukuta. Kwa hiyo mchanga, saruji, mawe ya kujengea na magunia ya unga, vyote hupita juu ya mgongo wa punda. Zinapofika siku za Maulidi, au za tamasha la utamaduni, punda huyo huyo wa mchanga hugeuka kuwa punda wa mashindano. Vijana humpanda bila tandiko, wakamkimbiza kando ya bahari mbele ya umati uliojipanga gatini na juu ya madari. Mshindi hubebwa juu juu, na jina lake hutajwa mitaani hata mwaka mwingine.

Miaka kadhaa iliyopita nilifunga safari kuyaona kwa macho mambo niliyokuwa nikiyasikia kwa masikio. Nilipanda basi kutoka Malindi, nikapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha nikavuka kwa mashua. Nakiri kwamba nilifurahi. Asiyefurahi siku ile ana moyo wa jiwe: ngoma, vumbi, watoto waliokwea kila palipokweleka, na vijana wenye miili myepesi wakishikilia manyoya ya shingo kana kwamba wamezaliwa juu ya wanyama wale.

Lakini niliona na mengine. Alikuwako kijana aliyekuja na kipande cha mpira wa maji badala ya fimbo, naye alimchapa punda wake tangu mwanzo bila kupumzisha mkono. Katikati ya njia punda akasimama. Yeyote aliyepata kuishi na punda anajua maana ya kusimama kule: hasukumwi, havutwi, habembelezwi. Kijana akazidi kumchapa, kichwani, masikioni, tumboni, na kadiri alivyochapa ndivyo umati ulivyozidi kucheka. Nami nilikuwa katika umati huo, na nilicheka pamoja nao. Aibu hiyo ni yangu na sina wa kumtwisha.

Jioni nilipokuwa nikitembea ufukweni nilimkuta kijana mwingine, mmoja wa waliomaliza mbele, akimwogesha punda wake majini. Mnyama alisimama ametulia, masikio yamelegea, ngozi yake haina hata mkwaruzo. Nilimwuliza kijana kwa nini sikumwona na fimbo kule kwenye mbio. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajimwagii maji ya moto. "Huyu ndiye anayenilisha, mzee wangu," akanijibu. "Nikimvunja leo, kesho mchanga nitaubeba mimi."

Basi tuanze na lawama za yule mama. Je, zina msingi? Ndiyo, zinao. Mnyama anayepigwa ili watu wachangamke anateseka kwa jambo ambalo si riziki wala si dharura. Maulidi yenyewe ni sherehe ya kuzaliwa kwa Mtume ambaye sisi tuliopitia madrasa tulifundishwa kwamba aliwaonya watu juu ya wanyama wasio na ulimi wa kujieleza. Haiwezekani tukamwadhimisha kwa kasida asubuhi, kisha jioni tukamsahau kwa bakora.

Na jibu la nahodha, je? Nalo lina msingi. Mbio za farasi, ambazo Waingereza walikuja nazo katika nchi hii na ambazo Nairobi imekuwa na uwanja wake huko Ngong tangu mwaka 1954, zimekuwa zikiandamwa na lawama kubwa kuliko zote zilizopata kuelekezwa Lamu. Mwezi wa Aprili mwaka 2023, mbio mashuhuri za Grand National kule Aintree, Uingereza, zilichelewa kuanza kwa sababu waandamanaji walivamia uwanja kuzipinga. Polisi wakawakamata watu zaidi ya 100. Zilipoanza hatimaye, farasi aitwaye Hill Sixteen alianguka kwenye kizuizi cha kwanza, akafa. Majuma machache baadaye, huko Kentucky nchini Marekani, farasi 12 walikufa katika uwanja mmoja wa Churchill Downs ndani ya kipindi kifupi, hata wenye uwanja wakalazimika kusimamisha mashindano na kuyahamishia kwingine.

Hata hivyo, msomaji, tazama yaliyofuata, kwa maana hapo ndipo lilipo funzo. Waandaaji wa Grand National walipunguza idadi ya farasi kutoka 40 hadi 34 kuanzia mwaka 2024. Uingereza iliweka hesabu ya mapigo: tangu mwaka 2023 mpanda farasi haruhusiwi kumchapa farasi wake zaidi ya mara sita katika mbio za uwanda, wala zaidi ya saba katika mbio za kuruka vizuizi, na akizidisha huadhibiwa. Norway ilikwisha kupiga marufuku kumchapa farasi ili aongeze kasi tangu mwaka 1982, na mbio zingali zikifanyika huko. Mashabiki hawajakimbia, na farasi hawajasahau kukimbia.

Karibu zaidi nasi ni Ghuba, waliko jamaa zetu wengi. Kwa miaka mingi mbio za ngamia huko ziliendeshwa na watoto wadogo walioletwa kutoka Bangladesh, Pakistan, Sudan na Mauritania, kwa sababu mtoto ni mwepesi kuliko mtu mzima. Ulimwengu ulipopaza sauti, Falme za Kiarabu na Qatar zilipiga marufuku jambo hilo mwaka 2005, watoto wakarudishwa makwao, na badala yao kikabuniwa kimashine kidogo kinachofungwa mgongoni mwa ngamia na kuongozwa kutoka mbali na mwenye ngamia aliyeketi garini. Lilikuwa jambo jema sana kwa watoto. Lakini kimashine hicho kilitengenezwa pamoja na mkono wake wa kuchapia. Mtoto alikombolewa, ngamia akabakishiwa fimbo yake.

Kwa hiyo anayesema kwamba lawama za watu wa nje hazina faida hasemi kweli, na anayedai kwamba njia ya pekee ni kuvunja mbio zote naye hasemi kweli. Lawama zilizosikilizwa zimezaa kanuni, na kanuni zimewapunguzia wanyama maumivu. Hata Lamu kwenyewe lilipata kutokea jambo la namna hiyo. Mwaka 1987 shirika la hisani la punda, lililoasisiwa na Mwingereza Elisabeth Svendsen, lilifungua kituo cha kuwatibu punda bure mjini pale. Pakaanzishwa pia shindano ambalo zawadi yake hupewa mwenye punda aliyetunzwa vyema. Kwa shindano hilo wenye punda walianza kuonyeshana kwato safi na migongo isiyo na kidonda, kama vile zamani walivyoonyeshana mbio.

Hapo ningeweza kukunja karatasi yangu na kusema: tuwekeeni kanuni mbio za Lamu, tumalize ugomvi. Lakini kama ningefanya hivyo ningekuwa mnafiki, kwa sababu mimi si mtu wa Lamu. Mimi ni mtu wa Malindi, na punda ninayemjua mimi hashindani na yeyote.

Mwaka 2022, ukame ulipoibana Kaunti ya Kilifi hata mifugo ikafa Ganze na Magarini, mifereji ya mtaani kwetu nayo ilikaa majuma kadhaa bila kutoa tone. Tukawa tunaishi kwa maji ya mikokoteni. Kijana mmoja alikuwa akinijia kila baada ya siku moja akiwa na mitungi kumi na miwili. Alitaka shilingi 40 kwa mtungi. Mimi, kama ilivyo desturi yetu, nilishindana naye bei. Nilimwambia kwamba mimi ni mteja wa kudumu, kwamba nanunua mzigo mzima, na kwamba wapo wengine wanaouza kwa bei nafuu kuliko yake. Akakubali 30. Nikaingia ndani nimejaa furaha ya mtu aliyefanya biashara.

Juma lililofuata nilianza kuona kwamba mkokoteni umezidi kimo. Mitungi haikuwa tena kumi na miwili, ilikuwa kumi na sita. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Kumi na sita ni kilo 320, kabla hujatia hesabuni mbao za mkokoteni, magurudumu yake, na kijana mwenyewe aliyeketi juu kila njia inapokuwa tambarare. Punda wetu wa kawaida hafikishi kilo 200. Niliona, nikanyamaza. Maji yalikuwa yananifikia.

Siku moja adhuhuri, jua limesimama utosini, nilisikia kishindo nje ya lango. Kuna mteremko wa mchanga pale, ambao gari likiwa na mzigo hukwama. Punda alikuwa amepiga magoti. Mkanda wa kifuani ulikuwa umesogea, na chini yake palikuwa na donda kubwa kama kiganja changu, bichi, nzi wamelitanda. Kijana alikuwa amesimama juu yake akimchapa. Nikatoka nikifoka, nikimwita majina ambayo siwezi kuyaandika gazetini. Nilimwuliza kama ana moyo wa binadamu, kama mama yake alimfunza huruma.

Aliitupa fimbo chini. Hakunijibu kwa hasira, na laiti angenijibu kwa hasira ningepata nafuu. "Baba," aliniambia, "hebu hesabu nawe. Kisimani natozwa shilingi tano kwa kila mtungi. Punda si wangu, mkokoteni si wangu. Mwenyewe anataka mia tatu kila jioni, niuze nisiuze. Nina watoto wawili. Uliponipunguzia zile shilingi kumi, ulidhani zinatoka wapi? Zilitoka hapa." Akanyosha kidole, akauonyesha mgongo wa punda.

Sikuwa na la kusema. Tulisaidiana kuishusha mitungi mmoja mmoja, tukamfungua punda, tukamnywesha. Baada ya muda mrefu alisimama. Tangu siku hiyo nilirudi kulipa 40 na sikutaka tena zaidi ya mitungi kumi. Lakini juma la tatu kijana alikuja na punda mwingine, mweusi zaidi, mdogo wa umbo. Nilimtazama punda, nikamtazama kijana, wala sikuuliza yule wa kwanza alikwenda wapi. Hadi leo sijauliza.

Hiyo ndiyo nusu ya ukweli ambayo haikutajwa barazani. Mbio za punda hudumu dakika chache kwa mwaka, mbele ya maelfu ya macho na kamera za watalii, na kwa sababu hiyo zinaonekana. Mkokoteni wa maji, wa mchanga na wa mawe hutembea siku zote zilizobaki, Malindi, Kilifi, Mtwapa na Mariakani, na kwa kuwa tunauona kila siku, hatuuoni. Mama yule wa Kizungu alisafiri hadi Lamu kwenda kuona ukatili ambao ulikuwa umepita mbele ya lango lake asubuhi hiyo, na huenda ulikuwa umembebea maji ya bustani. Nahodha naye aliutetea utamaduni wa siku moja, asiseme neno juu ya mazoea ya mwaka mzima. Nami niliyenyamaza kati yao nilikuwa nimeshika fimbo ndefu kuliko wote, fimbo ya bei.

Tabia ya punda imechangia kumponza. Mbwa akiumia hulia, na farasi akiumia huonyesha waziwazi. Punda huficha maumivu yake. Waganga wa wanyama wanajua kwamba punda anaweza kuendelea kusimama na kuvuta ilhali mwili wake umekwisha kuharibika, na akionyesha kwamba anaumwa, mara nyingi huwa hali imeshakuwa mbaya mno. Sisi tumeuita ustahimilivu huo upumbavu, tukaufanya tusi la kuwatusia watoto shuleni. Tukatunga na methali kwamba fadhila za punda ni mateke. Nani hasa aliyempiga mwenzake mateke zaidi katika ukoo huu wa miaka elfu saba? Nasema elfu saba kwa sababu utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa kufugwa duniani wana asili moja, na kwamba alianza kufugwa huku kwetu Afrika Mashariki yapata wakati huo. Basi huyu si mgeni aliyeletwa na meli. Ni mzaliwa, na dunia nzima imemwazima kwetu.

Tena tulikwisha kupata nafasi ya kuitambua thamani yake. Sisi watu wa Malindi hupenda kuwasimulia wageni habari za twiga aliyetoka pwani hii akafikishwa kwa mfalme wa Uchina mwaka 1415, akapokewa huko kwa heshima kubwa kama mnyama wa baraka. Miaka mia sita baadaye, Wachina walirudi kututaka mnyama mwingine, ila safari hii walitaka ngozi yake tu, ya kuchemshia dawa iitwayo ejiao. Kuanzia mwaka 2016 machinjio manne ya punda yalipewa leseni nchini, Baringo, Naivasha, Turkana na Machakos. Katika muda usiotimiza miaka mitatu zaidi ya punda 300,000 walichinjwa. Punda jike hubeba mimba takriban mwaka mzima na huzaa mtoto mmoja, kwa hiyo hakuna zizi ambalo lingeweza kulipa deni hilo. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini Kenya. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta takriban milioni 1.2. Usiku watu wakaanza kuibiwa punda wao, na asubuhi wakawakuta vichakani wamechunwa.

Ndipo tulipolia. Waliolia zaidi walikuwa akina mama, maana punda akiibwa, maji na kuni hurudi mgongoni mwa mama. Mwezi wa Februari mwaka 2020 serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo, na mwezi wa Februari mwaka 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakaafikiana kuisimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote kwa muda wa miaka 15. Nilifurahi kama wengine. Lakini furaha yangu ilikuwa na mwiba ndani yake. Mgeni alipomchuna punda wetu baada ya kumwua, tulisema ni unyama. Sisi tunaomchuna kwa mkanda angali hai, kidogo kidogo, barabarani, tunasema ni kazi.

Huenda msomaji akauliza: sasa tufanyeje, tuwaachishe vijana kazi? La hasha. Yule kijana hakuwa adui wa punda. Wote wawili walikuwa wamefungwa mkokoteni mmoja. Ninachokitaka ni vitu vidogo ambavyo vinawezekana, tena vingi vimekwisha kuandikwa katika sheria zetu.

Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inayokataza ukatili dhidi ya wanyama, ipo tangu mwanzo wa miaka ya sitini. Inalifanya kuwa kosa jambo la kumpiga mnyama kikatili, kumpakia mzigo unaomzidi, kumkimbiza kupita kiasi, au kumfanyisha kazi akiwa na jeraha au ugonjwa unaomfanya asiifae kazi hiyo. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Ukifungua Jedwali la Nne, katika orodha ya majukumu ya serikali za kaunti, utakuta mashindano ya mbio yametajwa, na hatua chache chini yake utakuta udhibiti na ustawi wa wanyama. Yote mawili yamewekwa katika mikono ile ile. Hapana kaunti, iwe Lamu au Kilifi, inayoweza kuandaa mbio au kuzipa baraka zake kisha ikasema kwamba hali ya wanyama si shauri lake.

Basi kwa jirani zetu wa Lamu nasema hivi, kwa adabu ya jirani. Zidumisheni mbio zenu, ila pigeni marufuku fimbo, mpira na kitu chochote cha kuchapia. Kabla ya mbio, mganga wa mifugo na aukague kila mgongo na kila kwato, na punda mwenye donda asiingie njiani hata kama mwenyewe ni mtoto wa mkubwa. Mkifanya hivyo, mbio zitakuwa sababu ya kumtunza punda mwaka mzima, kwani kijana anayetamani kushinda atajua kwamba ushindi huanza kwenye majani na maji. Yule niliyemkuta ufukweni alikwisha kulijua hilo bila kuambiwa na mzungu wala mwafrika.

Na kwetu Malindi na Kilifi, ambako tuna mikokoteni mingi kuliko sherehe, kaunti iuandikishe kila mkokoteni na kuupa nambari, iweke kikomo cha mzigo, na iagize punda wapumzishwe saa za jua kali. Iweke pia mabirika ya maji kwenye masoko na vituo, maana ni kichekesho kichungu kwamba mnyama anayeubebea maji mji mzima hushinda na kiu. Walimu wa shule na wa madrasa nao walitie neno hili katika mafunzo yao. Juu ya yote, maji na yafike kwenye mifereji. Kila mfereji unaotoa maji ni mkokoteni mmoja uliopunguziwa uzito.

Lakini hayo ni ya wenye mamlaka, na wenye mamlaka tunawajua mwendo wao. Liko moja lisilongoja kikao wala bajeti. Kesho mkokoteni utasimama mlangoni pako, na kijana atakutajia bei. Kabla hujafungua kinywa kumpunguzia, zunguka mbele, uinue ule mkanda wa kifuani, utazame kilicho chini yake. Kisha ndipo useme bei.